UZI: Mzunguko wa miguu Bagamoyo, Ngome Kongwe hadi Kaole na kurudi kwa ufukweni (kwa wanaotoka Dar na kurudi siku hiyohiyo)

#1 MguuNjia (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki humu mtu anauliza mahali pa kutembea kwa miguu, atoke Dar asubuhi na jioni awe nyumbani, na majibu yanaishia Pugu au Kigamboni. Naweka mzunguko ambao wengi wanaupita kwa gari vipandevipande bila kujua kwamba unaungana: Ngome Kongwe ya Bagamoyo hadi magofu ya Kaole kwa barabara, halafu kurudi mjini kwa ufukweni. Jumla ni kilomita 11 hadi 13, tofauti inatokana na mtakavyoizunguka mikoko. Miguu peke yake inakula saa tatu na nusu. Mkijumlisha kusimama na kutazama, tengeni saa tano na nusu.

Kufika. Coaster za Bagamoyo zinapakia stendi ya Makumbusho, Dar. Mkipanda saa kumi na moja na nusu alfajiri mnakwenda kinyume cha foleni, mnapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, saa moja na nusu mpo Bagamoyo. Kutoka stendi hadi Ngome chukueni bajaji au tembeeni, si mbali.

Ngome. Ipo upande wa kusini wa mji mkongwe. Msiichanganye na ile ya Forodhani Unguja, majina yanafanana tu. Aliijenga Abdallah Suleiman Marhabi mwaka 1860, Sultani Barghash akaiimarisha, Wajerumani wakaifanya ya kijeshi, Waingereza wakaifanya gereza. Ukijua hivyo ndipo unaelewa kwa nini madirisha ya upande mmoja ni ya nyumba na ya upande mwingine ni ya boma la askari. Kama mmekuta pamefunguliwa ingieni palepale asubuhi. Jioni mtarudi na tope magotini na mlango umefungwa. Tengeni nusu saa, kisha shukeni ufukweni dakika tano mtazame mstari wa maji uko wapi. Hiyo ndiyo taarifa muhimu kuliko zote za siku hiyo.

Barabara hadi Kaole. Kutoka Ngome mnaelekea kusini, mnapita Chuo cha Sanaa (TaSUBa), halafu minazi, miembe na mashamba madogo mpaka kijijini Kaole na magofuni. Ni kama kilomita 5, saa moja na robo kwa mwendo wa kawaida. Tembeeni upande wa kulia mkitazamana na magari yanayokuja, na mstari mmoja, si kundi. Bodaboda wa huko hawapunguzi mwendo kwa sababu ya mgeni.

Magofu. Tengeni saa moja. Kiingilio kinalipiwa getini, na malipo ya serikali siku hizi yanapitia kwenye simu, kwa hiyo hakikisheni kuna salio kabla hamjatoka mjini. Mtembeza wageni wa pale ndiye atakayewaonyesha njia ya mikokoni. Msimwache.

Mikoko na ufuo. Kutoka magofuni mnashuka kwenye msitu wa mikoko, mnatokea mchangani, mnageukia kaskazini-magharibi na bahari ikiwa mkono wa kulia. Hapo ni kilomita 5 hadi 6 hivi za kutembea mpaka soko la samaki, mnapanda mjini kupitia Boma la Wajerumani la 1897 na kurudi mlipoanzia.

Maji: lita 2.5 kwa kila mtu, na aliyezoea AC ofisini abebe 3. Katikati ya mikoko hakuna duka. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, jua si kali na njia ni kavu. Masika, Machi hadi Mei, msijaribu sehemu ya mikoko. Tope la huko wakati wa mvua linachukua kiatu na soksi.

Ratiba ya yote haya anaipanga bahari. Anayejua maji aje aeleze vizuri kuliko mimi.

#2 Kidagaa Mkavu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, swali la kijinga: nina programu ya maji kwenye simu, inaniandikia 0.4 m saa 10:42, siku nyingine 1.5 m. Hiyo 0.4 ni kina cha wapi? Na nitajuaje siku ipi inafaa?

#3 Bamvua15

Si la kijinga hata kidogo, watu wanakwama hapo.

Hiyo 0.4 si kina cha mahali uliposimama. Ni urefu wa maji ukipimwa kutoka kwenye usawa wa chini kabisa wanaoutumia kwenye ramani za baharini. Maana yake ni moja tu: namba ikiwa ndogo, bahari imekwenda mbali. Tumia jedwali la bandari ya Dar es Salaam, Bagamoyo tofauti yake ni ya dakika chache. Kwa mzunguko huu chagua siku ambayo maji kupwa ni chini ya 0.7. Kati ya 0.7 na 1.0 mtapita lakini kwenye mikoko mtalowa. Zaidi ya hapo, barabara ipo.

Kama huna intaneti, hesabu mwezi mwandamo. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, linakuja mara mbili kwa mwezi: kuanzia tarehe 29 hadi 3, na tarehe 14 hadi 17. Pwani yetu ina tabia moja nzuri sana kwa mtembeaji, kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Siku inayofuata kila kitu kinachelewa dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo mwezi ukiwa 14 kupwa ni saa nne na kitu, ukifika 17 unakaribia saa sita na nusu mchana. Maji mafu ni kinyume: tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24, hapo saa nne asubuhi maji ndiyo yamejaa, na kupwa kwake cha saa kumi jioni si kupwa cha kujivunia.

Tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua ni mita 3 na ushee. Maji mafu ni mita 1 hivi. Sasa sikiliza kinachowaponza watu: maji hayapandi kwa kasi moja. Chukua bamvua la mita 3. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda sentimita 25. Ya pili, 50. Ya tatu na ya nne, 75 kila moja. Ya tano 50, ya sita 25. Ndiyo maana mtu anakaa mchangani saa nzima anaona bahari imetulia, anasema bado tuna muda, halafu saa mbili zinazofuata zinamfanya akimbie. Ufuo wa Bagamoyo mteremko wake ni mdogo. Penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, zile sentimita 75 za kwenda juu ni mita 75 za kuja kwako ndani ya saa moja.

Na hayaji kwa mbele tu. Yanaanza kuingia kwenye vijito na mabonde ya mchanga nyuma yako, wewe bado umesimama pakavu unapiga picha.

Kanuni ninayoishika: uwe umetoka mikokoni kabla ya saa moja na nusu kupita tangu kupwa. Umechelewa, rudi magofuni uchukue barabara, usijaribu kuwahi.

#4 Mpagazi Huru

Uzi umesimama vizuri, ila mwelekeo umekaa upande. Kwa nini muanze na barabara na kumalizia na ufuo? Mkifika mikokoni saa nne na nusu, maji yanageuka mkiwa ndani. Anzeni na ufuo. Siku ya kupwa saa tano kasorobo, ingieni mchangani saa mbili asubuhi. Maji yanatoka, mchanga ule wa juu umeshakauka na ni mgumu, na kila dakika inayopita mnaongezewa nafasi. Mnafika kwenye mikoko kama saa nne kasoro, mnavuka maji yakiwa yanaisha kabisa, saa nne na nusu mpo magofuni mnakunywa dafu. Kurudi ni barabara. Aliyechoka anapanda bajaji na hakuna anayemlaumu.

Kwa njia ya mwanzisha uzi, aliyechoka yupo katikati ya ufuo na hakuna wa kumbeba.

#5 MguuNjia

Mpagazi, hoja ya bajaji ni nzito na sibishani nayo. Nimeiweka barabara kwanza kwa sababu mbili. Moja, upepo. Ufuo ule unaelekea kusini-mashariki ukienda Kaole, na msimu wa kusi, ambao ndio huohuo wa Juni hadi Septemba, upepo unakuja usoni na mchanga. Mkirudi mjini unawasukuma mgongoni. Pili, mtembeza wageni wa Kaole yupo Kaole. Mkija kwa upande wa bahari, mlango wa njia ya mikokoni hauonekani, ni uwazi kama nyingine kumi zilizo jirani.

Kwa hiyo kundi geni, au lenye mtu asiyejiamini, lifuate njia ya Mpagazi na lipange na mtembeza wageni kutokea mjini, aanze nalo Bagamoyo. Kundi lililozoea, na msimu ni kusi, naendelea kusema barabara kwanza. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, sababu yangu ya upepo inakufa, nendeni kwa ufuo.

#6 Mpagazi Huru

Hapo tumeelewana nusu. Nusu nyingine tutaimalizia kwenye kahawa.

#7 Binti Dunda

Ngojeni niseme ya mikokoni maana wanaume mmeruka.

Msitu ule si wa mti mmoja. Ukijua miti unajua pa kukanyaga. Upande wa nchi kavu mtaona mchu, wenye majani ya kijivu kwa chini na vijiti vinavyochomoza ardhini kama misumari iliyopigwa kinyumenyume. Hivyo ni mizizi ya kupumulia. Penye mchu, mara nyingi chini kuna mchanga na ardhi inabeba mtu, lakini vijiti hivyo vinatoboa soli nyembamba. Mkiona mkoko wenyewe, ule wenye miguu mirefu iliyopinda kutoka kwenye shina, hapo tope ni laini na la kina. Zungukeni, msipite katikati. Mlilana unakaa mbele kabisa baharini. Mkiufikia mmeshatoka.

Mizizi inaota chaza, na gamba lake linakata kama wembe. Mtu akiteleza anashika mzizi, hapo ndipo mkono unachanika. Shikeni shina juu ya alama ya maji, pale gome linapobadilika rangi.

Viatu: raba kuukuu yenye kamba, iliyobana, na soksi. Kandambili zinabaki topeni na sendo za mkanda mkanda unakatika. Buti la mvua ndilo baya kuliko vyote, likijaa maji hutembei. Bebeni kiatu kikavu cha kurudia, isije ikawa coaster nzima inawasikia harufu. Simu iwekwe kwenye mfuko maalumu wa kuzuia maji au kopo lenye kifuniko cha kuzungusha. Ile mifuko ya plastiki ya sokoni tuliyozoea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo haikuwa inazuia kitu.

Fimbo moja kwa kila watu wawili, ya kupimia tope kabla ya kukanyaga. Msikate mikoko kutengenezea fimbo. Kukata bila kibali ni kosa, na wanakijiji wanaangalia.

Halafu mavazi. Kaole kuna makaburi na bado watu wanakuja kuzuru na kuomba dua. Mabega na magoti yafunikwe, kina dada bebeni kanga au mtandio mwepesi, unasaidia na jua. Msiketi juu ya kaburi kupiga picha. Mwezi wa Ramadhani kuleni ndani, si mnatafuna mihogo njiani kijijini.

Usalama: ufuo kati ya mji na Kaole una vipande visivyo na watu kabisa na sifa ya vibaka ni ya muda mrefu. Msiende wawili. Watu watano na mtembeza wageni, na ile kamera kubwa ya shingoni ibaki begani ndani ya begi. Mwanamke asitembee peke yake huko, hili sibembelezi mtu.

#8 Kidagaa Mkavu

Dada umemaliza. Sasa magofuni kwenyewe tunatazama nini? Mimi nikienda naona mawe tu, dakika kumi nimechoka.

#9 Fundi Chokaa

Unaona mawe tu kwa sababu unatazama ukuta mzima. Tazama mawe ya aina mbili.

Ukuta wa Kaole umejengwa kwa mawe ya matumbawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu, yasiyo na umbo, yamepangwa ndani ya chokaa. Lakini nenda kwenye kibla, kwenye kingo za upinde wa mihrabu, na kwenye mafremu ya milango. Pale jiwe ni jingine: jepesi, lina vitundu vidogovidogo vilivyo sawasawa. Hilo ni tumbawe hai lililotolewa baharini. Likiwa bichi linachongeka kwa kisu na tezo, likikauka linashika umbo. Mafundi walilitumia pale penye nakshi tu kwa sababu kulitoa ni kazi ya kuzamia. Ukishaiona tofauti hiyo, utaiona mwambao mzima kuanzia Kunduchi hadi Kilwa.

Misikiti ni miwili. Mkubwa unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, mwingine ni wa baadaye. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958. Makaburi ni zaidi ya 20, na yenye nguzo ndiyo ya kutulia nayo. Chungulia juu ya nguzo na kwenye paneli za kaburi: mtaona vishimo vya duara. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China na Uajemi. Nyingi zimeng'olewa zamani, kimebaki kitako cha chokaa kilichoshika umbo la bakuli. Jua la saa tatu asubuhi linaingia kwa ubavu na vishimo vinaonekana. Saa sita mchana kila kitu ni cheupe, huoni.

Na ukitoka, geuka utazame baharini. Huioni, umezuiwa na mikoko. Hiyo ndiyo habari ya Kaole: ilikuwa na bandari, tope likajaa, mikoko ikasonga mbele, majahazi yakahamia Bagamoyo. Kile mnachokivuka nusu saa kwa tabu ndicho kilichouhamisha mji.

Ngome nayo usiipite hivihivi. Ingia chumba chochote chenye dari la zamani utazame juu. Boriti ni za mikoko, na mkoko mnyoofu unaobeba dari zito la mawe na chokaa una urefu wake. Ukiuvusha zaidi ya mita 3 unapinda. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya mwambao vina upana wa mita 2.5 hadi 3 hata kama urefu ni 8. Tajiri alijenga chumba kirefu, hakuweza kujenga kipana.

Mkiona sehemu ya ukuta lipu inabanduka vipande vipana na chini yake kuna unga mweupe, hapo kuna mtu alipaka saruji juu ya chokaa. Chokaa kinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji inaziba, chumvi inabaki ndani, inakuwa fuwele na kusukuma lipu kutoka nyuma. Wanaokarabati leo wanarudi kwenye chokaa kilichozimwa na kulazwa kwa wiki kadhaa, mchanga usio na chumvi, kiasi cha 1 kwa 3. Kaeni mbali na kuta hizo na msikwangue, kipande kimoja kikianguka jirani yake anafuata.

#10 Mnazi Mkinda

Nondo hizi. Nauliza: watoto wa miaka 8 na 10 wanaweza? Na je, tukitaka kuongeza upande wa kaskazini, Misheni na huko Ruvu?

#11 MguuNjia

Watoto: barabara na magofu ndiyo, mikoko hapana. Tope la mtu mzima gotini ni la mtoto kiunoni. Waende Kaole kwa miguu, warudi kwa bajaji, na ufuo waupate jioni pale karibu na mji.

Kaskazini: mji hadi Misheni ya Roho Mtakatifu ni mwendo wa nusu saa, njia ya miembe inawapa kivuli, na hiyo ifanyeni siku nyingine au kama mzunguko mfupi wa kujitegemea. Misheni ilianzishwa 1868. Mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama, na ndipo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi, ulipolazwa usiku mmoja Februari 1874, ulipoletwa kutoka Chitambo (Zambia ya leo) na msafara wa watumishi wake kina Chuma na Susi, kabla haujavushwa Unguja. Mkirudi pitieni ule mnara wa duara wa Kijerumani wa 1889, wa wakati wa vita vya Abushiri, una matundu ya bunduki pande zote. Ni mdogo lakini unaeleza hofu ya waliokuwemo vizuri kuliko Boma. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar, Boma lenyewe lilikuja baadaye.

Msipitilize kaskazini zaidi kwa miguu. Huko ni mdomo wa Ruvu, kuna viboko na mamba, na kijito kinachoonekana cha kuvuka si cha kuvuka.

#12 Bamvua15

Naongezea la kuumia maana halijatajwa.

Kwenye maji ya kifundo cha mguu, buruteni miguu, msinyanyue. Samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, anajilaza chini ya mchanga. Ukimgusa ubavuni anakimbia, ukimkanyaga mgongoni anachoma. Akichoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi mtu anachoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Jaribuni kwanza kwa mguu mzima, kwa sababu mguu uliochomwa haupimi joto vizuri na mnaweza kumbabua. Chupa ya chai yenye maji ya moto ndani ya begi la kiongozi si uzito wa bure, huchanganywa na ya baridi. Kipande cha mwiba kilichozama msikichokonoe, hospitali.

Kidonda cha chaza: osheni kwa maji safi mengi mpaka chembe zote zitoke, kisha dawa, kisha bandeji. Watu wanafunga tope ndani na siku ya tatu mguu umevimba. Ulizeni pia sindano ya pepopunda kama ni zamani.

Kizunguzungu na kichwa kuuma saa sita mchana ni jua na kupungukiwa chumvi. Pakiti mbili za ORS kwa kundi, kila moja kwenye lita 1 ya maji. Maji matupu mengi peke yake hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho kwa muda wa saa tano.

#13 Mnazi Mkinda

Shukrani. Sasa sisi tumeshapanga, ofisi imetupa Jumamosi moja tu, na nikihesabu itaangukia tarehe 8 ya mwezi mwandamo. Maji mafu. Ndiyo tumekosa?

#14 Mpagazi Huru

Hamjakosa, mmekosa mikoko tu. Mwezi 8 saa nne asubuhi maji yamejaa na yanakaa ndani ya mikoko, na hata kupwa cha jioni hakiyatoi yote. Fanyeni hivi. Ngome saa moja na nusu, Kaole kwa barabara, magofuni mpaka saa nne na nusu. Rudini kwa barabara ileile hadi Chuo cha Sanaa, hapo ndipo mnashuka ufukweni.

Faida ya maji mafu ni kwamba yakijaa hayapandi mpaka juu kabisa, kwa hiyo kipande cha mchanga wa juu kinabaki kikavu siku nzima. Kutoka hapo hadi soko la samaki ni umbali mdogo, mnatembea bila presha ya saa. Mkifika sokoni mchana mnada wa asubuhi umeisha lakini wakaangaji wapo. Ulizeni bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta.

Kurudi Dar, mkiwa zaidi ya kumi msisubiri jioni ya saa kumi na mbili mkidhani coaster zitawangoja, zinajaa wanaotoka shambani na wanaotoka ufukweni kwa pamoja. Saa tisa muwe stendi.